Naomba ushauri: Nafundisha Kilolo, moyo umechoka. Mtu mmoja anaweza kugusa nini kwa hali hii?

Madam wa Kilolo (mleta uzi)

Kamwene wakuu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kilolo, Iringa, nafundisha darasa la pili. Niingie kwenye mada moja kwa moja maana bando lenyewe la kuungaunga.

Nimechoka moyo. Siumwi, wala sina ugomvi na mtu. Ni ile jioni nimemaliza kusahihisha madaftari, nashika simu: Sudan wanauana tangu 2023, Kongo mashariki watu wanakimbia na magodoro kichwani, mvua imegoma hapa imefurika pale, vijana niliowafundisha wamemaliza vyuo wanaendesha bodaboda za watu. Nazima simu nikiwa na mzigo mwingine kifuani.

Asubuhi naingia darasani nakuta lingine. Huku kwetu chakula kipo jamani. Mahindi, maharage, viazi, njegere, nyanya za Ilula, malori yanapakia kwenda Dar. Lakini utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha Iringa watoto asilimia 56.9 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, tunaongoza nchi nzima. Njombe wanatufuata na 50.4, na wastani wa taifa ni 30. Mimi hizo namba nazijua kwa sura. Mtoto wa darasa la pili ukimwangalia utadhani wa chekechea. Saa nne tu ameshalala juu ya dawati, kaja bila kutia kitu tumboni.

Nimekuwa nanunua maandazi, madaftari, mara sabuni. Mshahara wenyewe una makato, nusura niangukie mikopo ya kausha damu. Na wazazi wengine wameshazoea, "Madam atatoa". Mwenzangu ofisini ananiambia niachane nayo, nifundishe vipindi vyangu nisubiri mwisho wa mwezi. Kuna siku namwona ana akili kuliko mimi.

Naomba mnisaidie: mnafanyaje msikate tamaa? Na mtu wa mshahara kama wangu anaweza kugusa nini kweli, si kwa maneno? Wa matusi sitamjibu.

Boda Ipogolo

Pole Madam. Ila sisi wa bodaboda za watu tumekukosea nini tena 😂😂

Kisiki cha Uyole

Nitasema yasiyopendwa. Hizi habari za "kila mtu afanye kwa nafasi yake" zinawapa wenye dhamana usingizi mzuri. Mto Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha 1993, na kiangazi baada ya kiangazi umeendelea kukauka. Semina ngapi zimefanyika? Miti mingapi imepandwa ili mtu apigwe picha? Nimeishi Chimala, nimevaa fulana za kampeni mpaka zimechakaa. Fundisha, pokea mshahara, lala.

Mpunga Igurusi

Kisiki, hizo fulana hata mimi ninazo, napigia deki. Lakini usimalizie hapo. Kwenye mfereji wetu wa mpunga, unaochota maji ya mito inayoingia Ruaha, zamani mkulima wa juu alikuwa anafungulia maji usiku kucha yanamwagika porini huku wa chini mpunga unakauka. Watu walikuwa wanalinda zamu na mapanga. Alianza mzee mmoja tu, kila jioni anatembea na jembe kufunga matoleo ya watu waliokwisha kumwagilia, anatukanwa. Baadaye ndiyo tukaunda jumuiya ya watumia maji, kuna ratiba na faini. Mto hatujaurudisha, nisikudanganye. Ila mwaka jana wa chini wamevuna.

Sista Mufindi

Madam, mimi nipo kliniki ya mama na mtoto huku Mufindi. Nikwambie jambo litakalokuuma: huyo wa darasa la pili, urefu aliokosa hatuurudishi kwa maandazi. Udumavu unajengeka tangu mimba inatungwa mpaka mtoto anatimiza miaka miwili, ndizo zile siku 1,000 tunazoimba kila siku. Chakula cha shuleni kitamsaidia asilale, akusikie unapofundisha, na hilo si dogo. Lakini kama unatafuta pa kugusa, siku mama yake akija shuleni mwangalie mgongoni. Huyo aliyebebwa ndiye ambaye bado ana nafasi. Na kama mama ni mjamzito, ndiyo kabisa.

Na umesema kweli, chakula kipo. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachiwa dada yake mwenye miaka saba na chupa ya uji mweupe wa sembe mpaka jioni. Mayai yameenda gulioni, maziwa yameenda kwa mnunuzi, maharage yameuzwa yote. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ndiyo usiseme, mtoto anashinda kilabuni mgongoni.

Wapo pia wanaojitahidi kupita kiasi. Anasaga mahindi, ngano, mchele, ulezi, uwele, soya mbichi na karanga zilizoota ukungu, anaita uji wa lishe. Jamani! Soya ambayo haikuchemshwa wala kukaangwa vizuri inazuia mwili kutumia protini, na karanga za ukungu zina sumukuvu. Nafaka moja inatosha, uji uwe mzito kiasi, tia maziwa au unga wa dagaa, mpe na yai, mboga za majani na parachichi. Maparachichi yanaoza chini ya miti halafu mtu ananunua biskuti.

Sasa kazi yako. Mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chako, muulize lini ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Hufanyika kila robo mwaka, watoto wanapimwa na kina mama wanafundishwa kupika kwa vyakula vyao wenyewe. Tatizo ni mahudhurio. Sisi tukitangaza wanakuja wachache, lakini wewe una darasa zima linalorudi nyumbani kila mchana na kusema "Madam kasema". Hakuna tangazo linaloshinda hilo.

Kisiki cha Uyole

Hapo Sista nimekuelewa. Basi na mimi nichangie kwa upande wangu wa ubishi. Madam, usiishie kwa kina mama. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe tangu 2017. Muulize diwani wako, kwa upole, mbele ya watu: kata yetu zimefika ngapi na zimefanya nini? Afisa lishe wa wilaya yupo, naye aulizwe. Swali halikati mshahara.

Mzee Tandala

Mwalimu mwanangu, mimi ni wa Makete.

Miaka ya tisini huku tulizika mpaka majembe ya kuchimbia makaburi hatukuwa tunayarudisha stoo. Ukimwi. Nyumba nyingine alibaki bibi na wajukuu, nyingine wajukuu peke yao. Watu walisema Makete inakwisha, na sisi wenyewe tuliamini. Dawa za bure nchini zilianza kutolewa 2004, na huku milimani zilipanda taratibu. Kabla ya hapo ulikuwa unamwangalia mtu tu.

Kitongojini kwetu kina mama wa jumuiya walijigawia siku. Hawa wanachota maji kwa wagonjwa, hawa wanapalilia viazi vya yatima. Nani alikuwa na matumaini? Sikumwona. Mke wangu alikuwa analia akienda, analia akirudi, na kesho yake anachukua ndoo. Mimi nilimkataza, hakunisikia. Wale yatima, mmoja sasa anaendesha lori la mbao, mwingine ana duka Njombe mjini, na mwingine tukikutana hanisalimii. Maambukizi bado yapo, mkoa wetu wa Njombe ndio unaongoza nchini, sikufichi. Lakini Makete ipo, na shule zimejaa.

Kwa hiyo usingoje moyo upone ndipo uinuke. Na hiyo simu, mimi taarifa ya habari nasikiliza saa mbili usiku, mara moja, nazima redio. Watu wa Sudan nawaombea. Kukesha kwangu hakuwasaidii.

Kisiki cha Uyole

Mzee shikamoo, heshima yako. Ila hao kina mama walifanya bure kazi ya serikali.

Mzee Tandala

Marahaba. Ni kweli kabisa. Na wagonjwa walikunywa maji.

Madam wa Kilolo

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Sista, la urefu limeniuma kweli, lakini afadhali nimelijua. Maandazi nitafika nayo mwisho wa mwezi basi, wazazi nitawaeleza wazi kikaoni. Mhudumu wa afya wa kijiji namfahamu, anakaa jirani na kisima, kesho nampitia.

Kinachonitatiza ni kikao. Nikiita wazazi wanakuja kina mama, na gunia la mahindi mwenye kauli ni baba. Nasemaje nao hao kina baba?

Mama Wawili Makambako

Madam, usiite kikao cha lishe, mwanaume hatakuja, ataona ni mambo ya jikoni. Pitia kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, wampelekee mwenyekiti wa kijiji ajenda ya chakula cha wanafunzi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kule kina baba wapo, na kikipitishwa kila kaya inaandikiwa debe lake la mahindi na kiasi chake cha maharage. Halafu angalia majira! Ukidai mwezi wa pili utaambiwa hatuna, na kweli hawana. Dai mwezi wa saba ghala zikiwa zimejaa. Hesabu usishike wewe hata kwa dawa, utaitwa mwizi kabla gunia halijaisha. Kamati ishike na ibandike ukutani.

Kina mama nao wakutane na Sista wao siku ya VICOBA, maana siku hiyo wanakaa wenyewe. Kikundi chetu tulikubaliana kitu kimoja kidogo tu: kuku wa mama mwenye mtoto mchanga, mayai yake hayaendi gulioni. Baadhi ya wanaume walinuna. Wamezoea.

Boda Ipogolo

Madam, mimi Kilolo nakuja na abiria mara kwa mara. Nina jamaa yangu analeta dagaa wa Ziwa Nyasa kutoka Kyela mpaka stendi ya Iringa. Kina mama wakichanga wakanunua kwa jumla nawabebea, mtachangia mafuta tu. Njoo PM.

Sista Mufindi

Boda, Mungu akubariki. Ila mwambie jamaa yako awe ni dagaa wa kula watu, waliokauka vizuri, wasiwe na mchanga. Wasituletee wale wa chakula cha kuku. Na wakifika, waoshwe, wakaushwe tena juani, ndiyo wasagwe.