Binti yangu alianzishiwa dawa ya selimundu bila kupimwa damu

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira niliyoshindwa kuimeza tangu Jumatatu. Wiki sita zilizopita nilivuka na binti yangu wa miaka saba, mwenye selimundu, kwa meli kutoka Nansio hadi Mwanza, na katika kituo kimoja cha binafsi akaandikiwa haidroksiyurea, kapsuli moja ya miligramu 500 kila siku. Hakuna aliyemtoa damu. Nilipouliza, maana wazazi wenzangu walishaniambia kuwa FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, hutangulia, nilijibiwa kwamba vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimeisha na kwamba "dawa hii haina shida, mama, mwanzishie tu". Mizani ilikuwa kando ya meza. Hata hiyo hakupandishwa.

Sisemi dawa isitumike. Najua inawapunguzia watoto wetu maumivu na kulazwa mara kwa mara. Lakini dawa hiyohiyo hubana uboho, mahali damu inapotengenezwa, na kwa sababu hiyo chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huhesabiwa kabla ya kapsuli ya kwanza, na figo nazo hupimwa kwa kuwa ndizo zinazoitoa mwilini.

Jumatatu mtoto aliamka na homa, vidonda mdomoni, na damu ya fizi imeganda kwenye kanga aliyolalia. Hospitali nyingine ilimkuta na chembe sahani 58,000, ikasimamisha dawa papo hapo, kwani zikishuka chini ya 80,000 haitakiwi kuendelea. Uzito wake ni kilo 18, yaani alikuwa akimeza karibu miligramu 28 kwa kilo, ilhali huanzwa na 15 hadi 20.

Kisha daktari akaniuliza, "Kabla ya dawa zilikuwa ngapi?" Nilifunua daftari la kliniki karatasi kwa karatasi, na ukurasa wa siku ile ulikuwa na jina la dawa na stakabadhi iliyobanwa kwa pini, basi. Bandama lake limevimba, nalo pia huweza kushika chembe sahani, kwa hiyo leo hakuna anayeweza kuniambia kama ni dawa iliyozishusha au zilikuwa chini tangu mwanzo.

Kama vitendanishi havikuwepo, kwa nini sikuelekezwa maabara nyingine mjini humohumo? Kesho napeleka barua kwa mganga mkuu wa wilaya, pamoja na daftari hilo. Mzazi ambaye mtoto wake alianzishiwa dawa namna hii, tafadhali aandike hapa.