Mrejesho: Tulilala kwenye treni, chumba kimoja

Habari zenu. Mwezi jana niliuliza kama mimi na mama watoto tungeweza kulala chumba kimoja kwenye treni ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), Dar es Salaam hadi Mbeya, safari yetu ya kwanza ya usiku. Asanteni mlionionya: daraja la kwanza chumba kina vitanda 4, la pili 6, na wanaume hutengwa na wanawake isipokuwa ukate chumba kizima. Tukakata vitanda vyote vinne vya daraja la kwanza. Mfuko ulilia, lakini mabegi yalilala kama mabosi.

Basi kutoka Kisumu lilituchosha kuliko reli, hilo nitaliacha. Treni iliondoka alasiri, tukabanana dirishani tukitafuta twiga. Usiku nilipanda kitanda cha juu kwa ubishi; kila breki ikanigongesha ukutani. Saa tisa nikashuka na shuka langu. Mama watoto akajisogeza bila kufungua macho: "Si nilikwambia?"

Kutoka Mlimba hadi Makambako ni milima na mahandaki. Chai ilicheza kikombeni, tukaishika kwa mikono miwili. Wale omena tuliobeba walinukia korido nzima, na jirani akaja na ugali wake.