Nyie mnaotengeneza fomu za miadi, kliniki gani inapokea wagonjwa saa tisa usiku?

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Shangazi yangu anakaa Newala. Juzi kashuka Mtwara mjini na basi la alfajiri kuja kliniki ya macho ya binafsi, miadi kawekewa na mjukuu wake kwa fomu ya mtandaoni, kwenye simu. Kakaa kwenye benchi mpaka saa tatu asubuhi ikapita, jina haliitwi. Kuuliza dirishani anajibiwa: "Bibi, miadi yako ilikuwa saa tisa usiku. Imeshapita, lipia upya."

Saa tisa usiku! Wenyewe wanafungua saa mbili asubuhi. Kijana alichagua 3:00 AM, kwa sababu ni saa tatu na ni asubuhi. Huku ndivyo tunavyohesabu saa, kuanzia jua linapochomoza. Fomu ikapokea, ikakata hela, ikaweka tiki ya kijani. Halafu dada wa mapokezi anasema mngesoma vizuri. Hapana! Mfumo unaouza nafasi wakati mlango una kufuli ndio wenye kosa.

Wekeni vitufe vya nafasi zilizo wazi tu: saa 2:30 asubuhi, saa 3:00 asubuhi, na pembeni 09:00 kwa aliyezoea hiyo. Mtu abonyeze, basi. Usiku usiwepo kabisa wa kuchagua.

Tarehe nayo ni balaa. Kisanduku kimoja, 05/03/2026. Tano Machi au tatu Mei? Kwangu kinaanza na siku. Kwenye simu iliyosetiwa Kiingereza cha Marekani kinaanza na mwezi, na fomu ni ile ile, maana kivinjari (browser) kinafuata lugha iliyowekwa. Nyuma ya pazia inatunzwa 2026-03-05, mpangilio wa kimataifa wa kuandika tarehe, ISO 8601, uliopo tangu 1988. Sawa, huo ni wa mashine. Binadamu mwonyesheni "Alhamisi, 5 Machi 2026" kabla hajalipa, na SMS isome hivyo hivyo. Anayetaka Alhamisi akiona Jumapili atashtuka hapo hapo.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo imenichosha zaidi. Shangazi ni wa 1957. Kalenda inafunguka mwezi huu, ina mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Pigeni hesabu: ni kubonyeza zaidi ya mara 800! Kijana kachoka, kaacha mwaka ulipofikia, sasa faili la mama wa karibu miaka 70 linasoma umri wa binti. Daktari wa macho atafanyia nini umri huo? Siku ya kuzaliwa mtu anaijua kichwani. Visanduku vitatu vya kuandika siku, mwezi na mwaka vinatosha.

Shangazi apewe nafasi bila kulipa tena, nauli yake imeshaliwa. Wa Lindi, Masasi, Nachingwea mliokutwa na haya wekeni hapa, na anayejua ofisi ya kupeleka lalamiko aitaje.