Tupeane uzoefu: Mliowahi kuanzisha shahada ya uuguzi chuoni, ilikuwaje?

Mwalimu wa Ukunga
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa ukunga hapa Dar, na chuo chetu kimeamua kuanzisha shahada ya kwanza ya uuguzi. Kamati imeundwa: wauguzi, mtu wa mitihani, mtu wa fedha, mkutubi. Njia ya makaratasi naifahamu. Mtaala unapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuombewa ithibati, na Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo lazima liridhike, maana kwa sheria ya 2010 mhitimu asiyesajiliwa na Baraza hana ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi, hata awe na GPA ya kutisha. Miaka minne, krediti 120 kila mwaka. Hayo yameandikwa, yanasomeka.

Nahitaji yale yasiyoandikwa. Jambo linaloninyima usingizi ni hili: nani atasimama na mwanafunzi pembeni ya kitanda cha mgonjwa? Jedwali letu la walimu limejaa wenye uzamili na uzamivu, watu ninaowaheshimu sana, ila wengine wana miaka mingi hawajashika zamu. Mliopita njia hii, awe mhadhiri, mtunza vifaa, muuguzi wa wodini, hata mliosoma darasa la kwanza la kozi mpya, karibuni mtueleze.

Katibu Mtaala
Hongera sana, dada. Nilikuwa katibu wa kamati ya mtaala kwenye chuo kimoja. La kwanza nitakalokuambia: waiteni wauguzi wakuu wa hospitali kabla hamjapanga masomo yakae semista gani.

Kwenye kikao chetu cha wadau, matroni mmoja alituuliza, "Mwaka wa tatu mnawaleta wodi ya wazazi mwezi gani?" Tukamtajia. Akafungua daftari lake, akatusomea vyuo vilivyokwishaomba mwezi huohuo: wa cheti, wa diploma, wa shahada, na wanafunzi wa udaktari juu yake. Chumba kizima kilinyamaza. Dar vyuo vinaongezeka, lakini tegemeo la wengi ni hospitali zilezile: Muhimbili, Mloganzila, Amana, Temeke na Mwananyamala. Ikabidi tuipangue ratiba, tuanze na miezi ambayo wodi ina nafasi, halafu masomo ya darasani yafuate. Mwaka wa kwanza tuliwapeleka kwenye zahanati na vituo vya afya vya pembeni, Mbagala na Kigamboni, wajifunze kupima presha, kupokea mgonjwa na kuongea naye.

Na afya ya akili msiiache mwisho. Kama mtawapeleka hospitali ya Mirembe, Dodoma, basi nauli na malazi viingie kwenye ada tangu siku ya kwanza. Mzazi akiletewa gharama hiyo mwaka wa tatu, mtaonana wabaya.

Sista wa Zamu
Mwalimu, nimefurahi umeuliza habari ya kitandani, maana wengi huuliza habari ya majengo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani, hospitali ya umma hapa mjini.

Nikuelezee asubuhi yetu. Tunakabidhiana zamu, wagonjwa wamejaa, wengine wako kwenye magodoro ya chini, na wauguzi ni wachache. Mara wanaingia wanafunzi kundi zima, sare nyeupe zimenyooshwa, kila mmoja na kitabu chake cha vitendo anachotaka kisainiwe. Mwalimu wao hayupo. Kuna dawa za saa mbili, kuna raundi ya madaktari, kuna ndugu wa mgonjwa mlangoni. Mtoto wa watu anasimama ukutani mpaka saa nane, jioni anaomba sahihi. Niseme ukweli ulivyo: hapo hakuna aliyefundishwa chochote, na wa kulaumiwa si yeye.

Sasa nikupe mfano wa chuo kilichofanya vizuri. Walituletea mwalimu aliyefika pamoja na wanafunzi wake saa moja na nusu, naye amevaa sare. Alimwomba sista mkuu wa wodi ampe safu moja ya vitanda. Wagonjwa wale wakawa wake na wanafunzi wake: kuwaogesha, kuwageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulala, kuandika chati. Ikija dripu, anamwachia mwanafunzi ahesabu mwenyewe. Lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita, inatoka kama matone 42 kwa dakika. Kisha wanasimama wawili, saa mkononi, wanayahesabu matone yenyewe yanavyodondoka. Nilimpenda zaidi kwa jambo moja: hakuna sindano iliyochomwa kabla mgonjwa hajaulizwa kwa jina lake kama anaridhia mwanafunzi amhudumie. Kuna bibi aliwaambia, "Njooni wajukuu zangu, lakini mwalimu asiende mbali."

Sisi wa wodini tuko tayari kuwalea hao watoto. Tunachoomba ni kitu kidogo. Chagueni wauguzi walezi kwa kila wodi, tupeni mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha na kupima, mtuandikie barua inayoingia kwenye faili la mtumishi, na mturuhusu kutumia maktaba yenu. Wengi wetu tunatamani kujiendeleza, na vitabu ni ghali.

Mtunza Vifaa
Fupi tu. Mimi natunza chumba cha mazoezi ya vitendo. Wakubwa hupenda kununua lile sanamu kubwa la mgonjwa linaloendeshwa kwa kompyuta, lipigwe picha siku ya ufunguzi. Likiharibika, fundi anatoka nje ya nchi. Nunueni mikono mingi ya bandia ya kuchomea sindano pamoja na ngozi na mishipa yake ya akiba, na NeoNatalie za kutosha, yaani zile sanamu za mtoto mchanga. Yule mtoto unamjaza maji, anakuwa na uzito wa mtoto mchanga kabisa, na ndiye aliyetumika hapa nchini kufundishia kumsaidia mtoto kupumua ndani ya ile dakika ya kwanza. Mwanafunzi anarudia mpaka mikono inazoea. Glavu, kanula na mipira ya mkojo vinaisha kila semista, kwa hiyo viwe na fungu lake la kila mwaka.

Darasa la Kwanza
Shikamooni. Nilisoma kwenye darasa la kwanza kabisa la kozi mpya. Ugumu wake: huna kaka wala dada wa mwaka wa juu. Hakuna wa kukuazima notisi, hakuna mitihani ya nyuma, hakuna wa kukuambia mwalimu gani mkali. Na mtaani maneno hayakauki, "hiyo kozi yenu inatambulika kweli?" Kilichotutuliza ni mkuu wa idara. Kila mwanzo wa semista alikaa nasi akatuonyesha barua za TCU na za Baraza, na hatua iliyobaki. Mwalimu, tafadhali usiwafiche wanafunzi wako kitu hapo.

Lingine, tulikuwa mchanganyiko: tuliotoka kidato cha sita na PCB zetu (fizikia, kemia na baiolojia), na wakubwa waliotoka kazini na diploma. Walitupanga kwenye makundi ya pamoja. Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi zahanati ya kijijini ndiye aliyenifundisha kumtandikia mgonjwa kitanda akiwa amelala juu yake. Mimi nikamshika mkono kwenye biokemia, tukafaulu wote.

Mwalimu wa Ukunga
Nawashukuru mno, naandika kila kitu. Sista, habari ya safu moja ya vitanda naipeleka kwenye kamati kama ilivyo. Swali kwa mlio vyuoni: mwalimu wa wodini wa namna hiyo mlimwajiri kwa cheo gani? Huku kwetu mtu hupanda cheo kwa machapisho.

Afisa Utumishi
Tulitumia njia mbili kwa pamoja. Tuliajiri wakufunzi wa kliniki kwa mkataba wao wenyewe, wenye saa za zamu, na kigezo kikuu kilikuwa miaka ya kazi wodini na leseni hai ya Baraza. Kwa wahadhiri, saa za wodini ziliingizwa kwenye fomu ya mzigo wa kazi sawa na saa za darasani, mkuu wa idara akasaini. Kabla ya hapo walikuwa wanakwenda kwa hisani, na hisani huisha mitihani ikikaribia. Lipitishe hilo kwenye seneti kabla hamjatangaza nafasi za kazi. Likipitishwa baadaye, watu watasema mkataba wao haukulitaja.

Darasa la Kwanza
Naongeza kitu kimoja kwa mtu wenu wa fedha: usafiri wa zamu ya usiku. Sisi wengine tulikuwa tunatoka Chanika na Mbezi, na daladala za usiku unazijua. Chuo kilipoweka basi la kutupeleka jioni na kuturudisha asubuhi, mahudhurio ya usiku yalibadilika wiki hiyohiyo.