Pensheni ya bi mkubwa imesitishwa kwa sababu ya laini ilokufa 2020, wastaafu wa Pemba tunaonewa

Assalam alaykum wanajamvi,

Naandika na hasira zangu kwa hio mtanisamehe nikiruka ruka, tangu asubuhi sijatia kitu tumboni.

Bi mkubwa wangu ni mstaafu. Alikua muuguzi, kazi kaanza 1983 kastaafu 2020 alipotimiza miaka 60, miaka 37 kaitumikia serikali hapa hapa Pemba, zamu za usiku, umeme hakuna anazalisha kwa taa ya kandili, watoto aliowapokea kwa mikono yake saivi nao wana watoto wao skuli. Leo mwezi wa tatu pensheni yake haijaingia benki. Mfuko wa pensheni unatwambia imesitishwa kwa sababu hakufanya uhakiki, yaani kujithibitisha kama yuko hai, kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Mie ndo nilomwambia kama ana akaunti ya mtandaoni, mwenyewe alikua hajui.

Na wala hakunambia kama pesa haziingii. Nimejua juzi, nimeingia jikoni nimemkuta kakalia mbuzi ya nazi anakata vidonge vya presha nusu kwa nusu na kisu cha vitunguu, anavipanga kwenye kisahani cha chai. Nikamuuliza vipi tena, akasema vinaisha mwanangu, navivuta vifike mwisho wa mwezi. Huyu ni muuguzi jamani, kawagombeza wagonjwa miaka na miaka wasikate dozi. Nikatoka nje nikalia, afu nikaanza kufuatilia.

Mambo yenyewe yako hivi. Kila kitu wamekifunga kwenye namba ya simu. Ukitaka kuingia kwenye akaunti zile namba sita zinakuja kwenye simu, ukisahau paswedi zinakuja kwenye simu, tangazo la uhakiki nalo linakuja kwenye simu. Na namba walonayo wao ni ya zamani, ile ilozimwa Januari 2020 wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, mnakumbuka tarehe 20 ndo ilikua mwisho, bi mkubwa kajiandikisha kitambulisho cha taifa kasubiri kasubiri hakijatoka, laini ikafungwa. Kilipotoka kasajili laini mpya, na alipojaza fomu za kustaafu mwaka huo huo kaandika namba mpya. Nakala ninayo hapa mezani, ina muhuri na saini ya alopokea, namba imeandikwa kwa wino wa buluu hata asiye na miwani anaisoma. Alohamisha taarifa kwenye kompyuta kachukua namba ya kwenye faili la zamani. Kwa bi mkubwa hapo hakuna kosa hata chembe.

Nikafungua kwenye simu yangu, ikaandika tumetuma namba za kuthibitisha kwenye simu inayoishia na 41. Nikamuuliza bi mkubwa unaikumbuka ile namba yako ya zamani? Akaitaja yote bila kusita. Nikaipiga. Ikaita! Akapokea mwanamme, yuko Mwanza, dereva wa bajaji, kainunua laini yake kihalali dukani hajui ilikua ya nani. Nikamueleza, akasema kumbe ni nyie, mie miaka hii yote napokea meseji zinanambia ndugu mstaafu, ndugu mstaafu, nikajua ni matapeli nikawa nafuta. Akaomba aongee na bi mkubwa. Shikamoo mama, nisamehe mama nilikua nafuta meseji zako. Marahaba mwanangu, wewe hukujua.

Yule kijana Mungu ampe kheri. Kasimamisha bajaji pembeni ana abiria ndani, sie tukibonyeza huku yeye anatusomea kule, mara ya kwanza muda ukaisha, mara ya pili kasoma nane badala ya tisa kwa kelele za barabarani, mara ya tatu tukaingia. Angekua mwizi je? Namba zote za kufungulia akaunti ya mamangu zilikua zinaingia kwenye simu yake, angeweza kubadilisha mpaka akaunti ya benki, na sie tungekua tumekaa Wete tunasubiri.

Basi tumeingia, ndo tukakutana na hilo la picha. Inataka mstaafu ajipige picha ya uso aangalie kamera apepese macho ilinganishe na picha ya kitambulisho. Bi mkubwa kafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho moja halifunguki sawa na jengine. Nimemtoa nje chini ya mwembe nikaona kivuli kingi, nimemhamisha barazani, nimemshikia simu mpaka mkono unatetemeka, inaandika sogea karibu, inaandika ongeza mwanga, inaandika uso haulingani. Mara tatu. Afu ikaandika akaunti imefungwa wasiliana na ofisi. Bi mkubwa akavuta mtandio wake akajifuta uso akanambia mwanangu hio kompyuta inasema mie sie mie.

Kesho yake alfajiri tukapanda daladala ya 606 tukaenda Chake, kwenye ofisi ya mfuko. Kwenye kaunta kuna kijana mpole tu simlaumu yeye, kamsikiliza, kakiangalia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kaiangalia sura, kaiangalia fomu yenye muhuri wao wenyewe. Akasema bi mkubwa mie nakuamini lakini sie huku hatuna ruhusa ya kubadilisha namba, hilo mpaka Unguja, au ingia kwenye mfumo uombe mwenyewe. Nikamwambia akaunti imeshafungwa, na hata ikiwa wazi kwenye mfumo ukiomba kubadilisha namba inatuma uthibitisho kwenye ile namba ya zamani. Akakaa kimya. Anajua. Akasema si nyie peke yenu.

Hapo ndo penye uchungu wangu. Mtu kaja kwa miguu yake, ana kitambulisho cha serikali, ana karatasi ya ofisi yenu, meza ya tatu kutoka pale kuna mfanyakazi mamangu ndo alomzalisha mamake, kamtambua kaja kumpa mkono, na bado hamuwezi kukubali kama ni yeye. Lakini laini iliyo mfukoni mwa mtu Mwanza msiyemjua hio mnaiamini, hio mnaipelekea siri zote za mamangu. Nani kapanga hivi? Nani alikaa akaamua kama namba ya simu ina haki kuliko mwenye jasho lake?

Na hata pensheni jamii ya wazee wa miaka 70, ile ilipoanza 2016 ilikua 20,000 kwa mwezi baadae ikapandishwa 50,000, mama mkubwa wangu anaipata, tangu mwanzo walikua wanaitwa kituoni na sheha, kiongozi wa mtaa, yupo, sheha anamjua nani kafa nani yuko hai nani kalazwa. Mstaafu alokatwa mshahara wake kila mwezi yeye ndo anaambiwa ajithibitishe kwa kupepesa macho.

Kitu chengine ambacho kinanitisha na sioni mtu akikisemea ni hizi steshenari. Wazee wengi huku hawana simu za kutachi, wanakwenda steshenari wanafunguliwa akaunti kwa elfu tatu, kijana anawawekea imeili yake yeye na paswedi anatunga yeye. Nimekwenda kwenye moja kutoa kopi, juu ya mashine pana kauntabuku iko wazi, jina la mzee, namba ya kitambulisho, namba ya uanachama, paswedi, ukurasa mzima umejaa na nyuma yake vilevile, na watoto wanapita wanakuja kununua kalamu. Yule kijana hana nia mbaya, kaandika ili wazee wakisahau awasaidie, bila yeye hata wasingehakikiwa. Lakini ile daftari ikipotea siku moja mnajua kutatokea nini?

Na majina. Sie jina la babu tunaandika Khamis na Kh, kwenye kitambulisho cha taifa alomsajili kaandika Hamisi, kwenye faili la kazi la 1983 kapiga taipu mtu kaandika Hamis. Ni babu huyo huyo mmoja. Mfumo unasema watu watatu. Jirani yetu mwalimu mstaafu imembidi atafute wakili ale kiapo cha majina, halafu akaunti yake ilipofunguka michango inaonekana kuanzia 1998 tu, miaka yake ya nyuma iko kwenye mafaili ya karatasi, anapouliza anaambiwa itaingizwa.

Kwa hio nyie mlio kazini saivi, walimu, madaktari, mlio wizarani, nawaomba msisubiri. Ingieni kwenye akaunti zenu wiki hii, angalieni jina herufi kwa herufi na vitambulisho vyote viwili, angalieni mwezi kwa mwezi kama mchango uliokatwa kwenye slipu umeingia kweli, na kama mnataka kubadilisha namba ya simu ibadilisheni huko kwanza wakati laini ya zamani bado mnayo mkononi. Slipu msizitupe. Bi mkubwa zake kaziweka kwenye bati la biskuti tangu enzi hizo na ndo pekee zinazotupa nguvu ya kusema.

Mie sipingi mtandao, nauza vocha na natuma pesa za watu kila siku, najua faida yake. Mtu wa Micheweni au wa Kengeja akiweza kuangalia pensheni yake bila kupanda gari ni jambo jema sana. Ninachotaka ni ofisi ya Pemba ipewe ruhusa ya kubadilisha namba pale pale mtu akija na kitambulisho, na pensheni isisitishwe mpaka sheha au mfanyakazi wao afike nyumbani ahakikishe. Kukata pesa mnakata kwa siku moja, kurejesha mnasema inachukua mizunguko ya malipo. Mzunguko gani? Presha haina mzunguko.

Kwa hio saivi tunakwenda Unguja. Na hapa niseme, bi mkubwa hajapanda chombo cha bahari tangu Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander kule Nungwi ikija huku kwetu. Mtaa wetu tulisoma khitma mpaka tukapoteza hesabu, na yeye kaondokewa na mdogo wake. Harusi za Unguja haendi, mazishi haendi, kanambia ataonana na watu wake akhera. Leo anapandishwa boti kwa ajili ya namba kumi za simu. Jumatatu tunatoka Wete usiku tuwahi Mkoani. Keshafunga bahasha yake, fomu, slipu, vitambulisho, na kitambulisho chake cha kazi cha zamani kile chenye picha ana kofia nyeupe ya uuguzi. Nikamwambia hicho hawakitaki, akasema nitakichukua tu.

Alobadilishiwa namba kule makao makuu naomba aniandikie hapa alikwenda dirisha gani, alitakiwa karatasi zipi na ilimchukua siku ngapi, maana kulala Unguja sie ni kwa watu na sitaki bi mkubwa apande boti mara mbili. Na kama kuna mwengine wa Pemba pensheni yake imesimama hivi hivi aseme, tukiwa wengi tutakwenda pamoja tuonane na mkubwa mwenyewe.

NYONGEZA: Yule kijana wa Mwanza kapiga saa tano hii. Kaletewa meseji nyengine leo, inasema ndugu mstaafu una siku 14 kufanya uhakiki kabla taarifa zako hazijapelekwa kwenye orodha ya waliofariki. Kanisomea mara mbili taratibu niandike. Kauliza mama anaendeleaje, nikamwambia yuko hapa anakunja nguo za safari.