Mnunuzi mkubwa ametuita wala njama kwa sababu ya barua moja!

Wakuu, mnamjua ninayemsema, yule anayelipa ankara utadhani anatolewa figo. Nimetoka kusoma jibu lake sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Sisi wauzaji wadogo tulimwandikia barua moja tukiomba tujadiliane naye kwa pamoja kuhusu muda wa malipo na makato yasiyo na maelezo, naye akajibu kwamba tumekula njama kinyume cha sheria ya ushindani, ile inayokataza wafanyabiashara washindani kupatana. Tumekula njama! Mkataba anaotusainisha ni uleule kwa wote, neno kwa neno, hubadilishwa jina la muuzaji tu, lakini sisi tukisema kwa sauti moja tunakuwa wahalifu.

Marekani imewaruhusu wakulima kuuza mazao yao kwa pamoja tangu 1922. Australia, tangu Juni 2021, biashara yenye mapato ya chini ya dola milioni 10 za huko kwa mwaka inaweza kuungana na wenzake kujadiliana na mnunuzi, mradi wajaze fomu fupi ya kuiarifu mamlaka ya ushindani, tena bila ada. Mnunuzi mwenyewe halazimishwi kukubali mazungumzo. Huyu wetu angeweza kukataa tu yakaisha, lakini akaona atuite wala njama!

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada, hasira zako zimeizidi hoja. Ruhusa hiyo ya Australia haihusu kugoma kwa pamoja kumuuzia mtu. Je, barua yenu ilitishia mgomo?

Mleta mada: Haikutishia chochote. Tuliomba kikao, tukaitwa wala njama.

Mchangiaji wa pili: Wewe angalau umejibiwa. Mimi naendesha duka kwa nembo ya kampuni nyingine, nalazimishwa kununua bidhaa kwa mwenye nembo kwa bei anayoitaka, na barua zangu hazijibiwi. Huko Australia watu kama mimi wanaruhusiwa kuungana dhidi ya mwenye nembo, hata mapato yao yawe makubwa kiasi gani.

Mchangiaji wa tatu: Mwenye nembo ni binadamu, utamfuata ofisini kwake. Sisi madereva tunakatwa kamisheni na programu ya simu, na ukilalamika unajibiwa na mashine. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo mwaka 2022 unaowaruhusu waliojiajiri peke yao kujadiliana kwa pamoja kuhusu masharti ya kazi.

Mchangiaji wa pili: Kamisheni mnakatwa baada ya kuuza. Mimi nalipia nembo hata mwezi ambao sikuuza kitu.

Mchangiaji wa tatu: Na mafuta ya gari ananunua nani?