Wakubwa, "barrel" moja ni lita ngapi? Lori linaondoka Alhamisi

Mtu wa Masindi (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakubwa. Jambo dogo lakini linaninyima usingizi. Neno la Kiingereza "barrel" maana yake halisi ni nini, na barrel moja ni lita ngapi? Kuna mkataba umeandikwa 40 barrels, na pande mbili zinaweza zisielewane. Lori linatoka Masindi Alhamisi alfajiri kwenda Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Naomba jibu la uhakika.

Mzee wa Bombo
Mwanangu, barrel ni mtutu wa bunduki. Tuliokuwa jeshini tuliusafisha kila jioni: kitambaa, mafuta, halafu unauelekeza kwenye mwanga na kuchungulia mifereji ya ndani inavyojizungusha kama parafujo. Wakikuta chembe ya kutu, usiku huo unakesha lindoni. Kama ni mitutu 40 inayovuka mpaka, mimi uzi huu sijauona.

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Mzee ana haki, mtutu ni maana mojawapo. Lakini maana ya kwanza ni pipa la mbao: vibao vilivyopindwa tumbo katikati, vikabanwa kwa pete. Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa, *baril*, yapata mwaka 1300. Bunduki ilikuja baadaye, na mtutu ukapewa jina la pipa. Hata kiwiliwili cha farasi wanakiita barrel. Pipa letu nalo ni neno la Wareno.
Kuhusu lita, inategemea kilichomo. Barrel ya bia Uingereza ni galoni 36, karibu lita 164. Ya bia Marekani ni galoni zao 31, kama lita 117. Ya petroli ni galoni 42 za Kimarekani, karibu lita 159.

Bibi Arua
Mimi nilinunua pipa la chuma la kukingia maji, muuzaji akaapa lilikuwa na mafuta ya kula. Nilisugua kwa jivu, nikachemshia maji ya ndimu, wiki tatu nzima. Mvua ya kwanza, maji yananuka dawa. Mpaka leo natupia taka. Wajukuu, nuseni kabla ya kutoa pesa.

Dalali wa Lira
Mwanzisha uzi, umeuliza lita hujasema ndani kuna nini. Mkataba nani kauandika? Na kwa simu mlisemaje?

Mtu wa Masindi
Ni molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki kiwanda kikitengeneza sukari, ya kuchanganyia chakula cha ng'ombe. Mnunuzi yuko Bukoba. Kwa simu tulisema "mapipa 40", Kiswahili. Mkataba nikauandika mimi kwa Kiingereza, nikaweka barrels. Malipo ya kwanza ameshatuma.

Dalali wa Lira
Umejaza lita ngapi?

Dalali wa Lira
Ssebo, nimeuliza umejaza lita ngapi.

Mtu wa Masindi
159.
Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Redio hapa kila siku inatangaza mafuta ya Hoima, mapipa 230,000 kwa siku uzalishaji ukifikia kilele, na pipa hilo ni la lita 159, Mwalimu amesema mwenyewe. Kwa Kiswahili nalo linaitwa pipa. Uongo wangu uko wapi? Na nauli imepanda tangu tukubaliane. Nikijaza zaidi nakula hasara.

Mama Shamba
Uongo uko kwenye kichwa cha mnunuzi, ulikouweka mwenyewe. Mtu wa ng'ombe ukimwambia pipa anaona dramu la chuma la lita 200. Hamna mfugaji anayefikiria petroli. Hofu ya Mungu imekwenda wapi?

Kijana wa Ntinda
Wakubwa, hii chai. Molasi inauzwa kwa tani, nani anauza kwa pipa? Halafu mtu ana mapipa 40 uani na hajui lita zake? Huyu ni mwanafunzi, kapewa kazi ya neno "barrel" na anataka tumwandikie. Msipoteze bando.

Mzee wa Bombo
Hata mimi naanza kunusa hivyo. Mbona hataji rangi ya mapipa?

Mtu wa Masindi
Ni ya bluu, matatu yana kutu chini. Molasi sikununua kiwandani, nilinunua kwa mtu wa kati, kwa pipa. Kila pipa lina pete mbili zilizotokeza ubavuni. Lita 159 inafika vidole vinne juu ya pete ya pili. Nilipima kwa mti wa mwanzi, nikaweka alama ya chaki. Nyuki wamejaa kwenye vizibo, mtoto wangu ameumwa sikio leo mchana. Chai gani ina nyuki?

Kijana wa Ntinda
Sawa, ya nyuki nimekubali. Samahani kwa mtoto.

Dalali wa Lira
Sasa sikiliza. Lita ya molasi ni karibu kilo 1.4. Pipa la lita 200 ni kilo 280, lako halifiki hata 223. Akiliweka moja tu kwenye mizani pale Bukoba, umekwisha. Mpigie leo, kabla ya lori.

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Hiyo 159 unayojikinga nayo, ujue ilivyozaliwa. Pennsylvania, baada ya kisima cha 1859, petroli ilitiwa kwenye mapipa ya kila namna, ya pombe, ya samaki, na wanunuzi wakalalamika. Mwaka 1866 wachimbaji wakakubaliana: kila galoni 40, mnunuzi aongezewe 2, kufidia kinachovuja njiani. Ndiyo 42. Wao waliongeza, mwanangu. Wewe umepunguza lita 41 kwa kila pipa.

Mtu wa Masindi
Hiyo sikuijua.

Bibi Arua
Mtoto mpake kitunguu pale alipoumwa.

Mtu wa Masindi
Nimempigia. Amenyamaza muda mrefu, kisha akasema pipa ni pipa, lita 200, na pungufu alipwe au alipate. Tumeanza kumimina upya kwa tochi. Yamejaa 31, la 32 limefika lita 160 na molasi imekwisha. Manane matupu yamesimama ukutani. Aliye na molasi karibu na Masindi, hata pipa mbili, anitumie ujumbe usiku huu. Nalipa kwa kilo.